Nani Anaishona Chemchemi?

Nikitoka shule siendi nyumbani moja kwa moja. Napitia karakana ya mafundi cherehani anakofanya kazi mama, navua viatu mlangoni, nakalia kigoda changu kando ya meza kubwa ya kukatia vitambaa, kisha naanza kukata nyuzi. Kila nguo inayotoka kwenye cherehani huwa na nyuzi zinazoning'inia kama ndevu za beberu, na kazi yangu ni kuziondoa kabla nguo haijapigwa pasi. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haulali. Ndiyo maana mafundi walinibandika jina la Chiriku, na jina hilo likanifuata hadi shuleni. Halinikeri hata kidogo. Afadhali chiriku anayesikika kuliko kuku anayengoja kuchinjwa kimya kimya.

Mafundi wa karakana ile ni kikundi kimoja. Pango wanalipa pamoja, kazi wanagawana, na akiba wanaweka pamoja. Mwenyekiti wao ni mzee mnene ambaye sijawahi kumwona bila tepu ya kupimia shingoni. Nadhani hulala nayo. Bi Vifungo hushughulikia vifungo na zipu, na ulimi wake ni mkali kuliko sindano zake. Fundi Suti ni baba wa Malkia, msichana ninayekaa naye dawati moja darasa la sita. Mama yangu hushona magauni, na yeye ndiye mweka hazina wa kikundi.

Karakana ina sheria moja isiyovunjwa, nayo inaitwa kipimo cha pili. Hakuna kitambaa kinachokatwa mpaka fundi mwingine, asiye yule aliyepima kwanza, apime tena. Sheria hiyo ilizaliwa siku Mwenyekiti mwenyewe alipokata magauni ya kwaya nzima yakawa mafupi, wanakwaya wakaimba wamefunika magoti kwa vitabu vya nyimbo. Tangu siku hiyo, hata Mwenyekiti hupimiwa. Hakuna anayeona ni dharau, kwa sababu mkasi ukishapita hakuna wa kuurudisha.

Wakati mambo haya yanatokea, kikundi kilikuwa kinaweka akiba ya kununua mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Hospitali ilitaka kuwapa kazi ya sare za wauguzi, kazi ya mwaka mzima, lakini matundu yote yalikuwa yanafanywa kwa mkono na Bi Vifungo peke yake, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa. Akiba ilikuwa imekaribia kutosha. Kukaribia si kufika, na hapo ndipo Mjomba alipoingia.

Mjomba ni mdogo wake mama, na ndiye kaka pekee aliye naye. Hufundisha kompyuta katika chuo kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, akitumia maandishi ya kwenye maboksi ya nyuzi. Nampenda, na nilimpenda hata katika siku zile nilizogombana naye. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na chuki.

Alikuja karakana Jumatatu mchana na kompyuta mpakato kwapani, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Dada zangu, kaka zangu," alianza, "nyinyi mnashona mpaka migongo imepinda. Lakini fedha zenu zinafanya kazi? Hazifanyi! Zimelala benki zinakoroma."

Mafundi wakacheka. Mjomba ana maneno, hilo simnyimi.

"Hii inaitwa Chemchemi. Ni sarafu ya mtandao. Leo bei yake ni ya chini. Kampuni iliyoianzisha ina wataalamu wanaohangaika kutwa kucha: wanaitangaza, wanaitafutia soko, wanaiingiza madukani. Kazi yao ikikua, bei inapanda. Nyinyi hamfanyi kitu. Mnashona zenu, wao wanahangaika, na mwisho wa mwaka fedha zenu zimekuwa maradufu. Mnanunua mashine, na chenji inabaki."

"Tutaishika wapi hiyo sarafu?" Bi Vifungo akauliza.

"Haishikiki, dada. Inakaa kwenye simu."

"Kitu kisichoshikika mimi nitakipigaje pasi?"

Watu wakacheka tena, ila Fundi Suti hakucheka. "Na serikali inaijua?" akauliza. "Ina kibali?"

"Swali zuri," Mjomba akasema, na akaokota kipande cha kitambaa cha bluu kilichokuwa mezani. "Kaka, ukinunua kitambaa hiki dukani, unamwomba mwenye duka kibali cha serikali? Huombi. Umenunua kitu, kitu ni chako. Chemchemi ni bidhaa, sawasawa na kitambaa hiki. Sio dhamana."

"Dhamana? Ile ya kumtoa mtu rumande?"

"Hapana, hiyo ni nyingine. Katika mambo ya fedha, dhamana ni vitu kama hisa za kampuni. Hizo ndizo zinazotakiwa kusajiliwa, makaratasi juu ya makaratasi. Chemchemi haimo humo. Kampuni ina wanasheria wake, na wamesema hivyo."

Hapo ndipo mafundi waliponaswa. Angewaambia sarafu ile ni kama hisa, wangekuna vichwa. Angewaambia ni kama benki, wangenuna. Lakini kitambaa! Kitambaa wanakijua kwa vidole hata wakifumba macho. Nikaona nyuso zao zinalegea, kila mmoja akijiona ameielewa Chemchemi tangu utotoni. Hata Bi Vifungo alianza kutikisa kichwa kwa kukubali.

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu na mkasi mkononi. Mdomo ukanitangulia.

"Mjomba, kitambaa kikikaa kabatini bila kushonwa, bei yake itakuwa maradufu?"

"Chiriku, subiri wakubwa wamalize."

"Nauliza tu. Kitambaa kinapanda thamani mama akikishona. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa hii Chemchemi, nani anaishona?"

"Kampuni, si nimesema? Wataalamu."

"Basi sio kitambaa. Kitambaa tungeshona wenyewe. Hapa tunawapa fedha watu tusiowajua waende wakatushonee, halafu tunangoja faida. Hiyo si ndiyo ile ile hisa?"

Mjomba alinitazama kidogo, kisha akacheka kicheko kirefu na kuwageukia wengine. "Mnamsikia wakili wenu? Mpwa wangu, wewe kata nyuzi."

Wote wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Sikukasirishwa na kuchekwa, maana pale nachekwa kila siku nami nawacheka wenzangu. Kilichonikera ni kwamba swali langu halikujibiwa. Lilifunikwa kwa kicheko, na watu wazima wakaridhika.

Jioni nyumbani, mama hakuzunguka. Aliweka sufuria chini na kunikabili.

"Kesho utamwomba Mjomba msamaha."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Umemwaibisha mbele za watu. Kaka yangu anatuletea jambo la heri, wewe unamrukia kama askari."

"Nilimuuliza swali. Kuuliza si ujinga. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Kuuliza kuna adabu yake."

"Niliuliza kwa adabu. Nilianza na 'Mjomba'."

Mama alitaka kucheka, nikaona pembe za mdomo zikitetemeka, lakini akajizuia. Damu ni nzito kuliko maji, na yule alikuwa kaka yake. "Utamwomba msamaha," akarudia.

"Nikimkosea nitamwomba, hata kwa magoti. Lakini kwa swali, siombi."

"Basi mpaka uombe, usikanyage karakana."

Lo! Mama angeninyima chakula ningevumilia. Kuninyima karakana ilikuwa kunikata mguu. Nililala nimeuma meno, na asubuhi nikaamka na msimamo ule ule.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi. Malkia alikuwa ameshasikia yote kwa baba yake. Nilipokaa tu, alichukua chaki akachora mstari katikati ya dawati letu.

"Huku kwangu, huko kwako," akasema. "Usivuke."

"Nimefanya nini?"

"Baba ameniahidi simu Chemchemi ikipanda. Sasa wewe na kimbelembele chako unataka kutuharibia. Una wivu, basi."

"Malkia, wewe ukimpa mtu fedha akakununulie daftari, si utamuuliza duka gani?"

"Mjomba wako ni mwalimu wa kompyuta. Wewe ni mwalimu wa nini?"

Mwalimu wa nini, kweli? Nilichokuwa nacho ni swali moja tu, na nilianza kujiuliza kama labda mimi ndiye niliyekosea. Lakini kila nilipolipindua kichwani, swali lilibaki limesimama wima. Kama ni kitu nilichonunua na kumaliza, kwa nini nangoja wataalamu wahangaike? Na kama nangoja wataalamu wahangaike, kwa nini wasitake kujulikana na serikali?

Mchana nilikwenda karakana kama kawaida, ila sikuingia. Mama alisema nisikanyage karakana. Hakusema nisikanyage ngazi ya nje. Nikakaa pale mlangoni, begi mapajani, nikiwasikiliza wanavyozungumza. Mjomba alikuwa amewaambia kwamba bei ya chini itafungwa Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo, kila kitu kitapanda na watajuta. Mama ndiye angetuma akiba yote ya kikundi kwa simu.

Nikiwa hapo, alikuja mteja wetu mmoja, mwanamke mrefu anayefanya kazi ya uwakili. Alikuwa amebeba joho lake jeusi la mahakamani, mkono mmoja umechanika kwapani.

"Chiriku, mbona uko nje? Cherehani zimekufukuza?"

"Mama kanifukuza. Nimekataa kuomba msamaha."

"Ulimtukana nani?"

"Sikumtukana mtu. Niliuliza swali."

"Swali gani hilo lenye matusi ndani yake?"

Nikamweleza yote: sarafu, kitambaa, wataalamu, dhamana, Ijumaa. Nilitegemea anipige kofi la mgongo kwa utani na kuingia ndani. Badala yake alikunja sketi yake nzuri, akakaa ngazini kando yangu, kwenye vumbi.

"Unajua kwamba swali lako hilo wanasheria wanalivutania mahakamani?" akasema. "Wengine wanasema sarafu za mtandao ni bidhaa. Wengine wanasema ni dhamana. Nchi nazo hazikubaliani. Mtu akikuambia jambo hili lina jibu moja jepesi, mkimbie."

"Kwa hiyo Mjomba yuko sahihi?"

"Sijasema hivyo. Sarafu moja haifanani na nyingine. Iko inayonunuliwa kama kitu tu, haina kampuni nyuma yake, haina anayekuahidi lolote. Na iko ambayo mtu anakuambia: lete fedha, zichanganywe na za wenzako, sisi tutafanya kazi, wewe utapata faida. Hiyo, hata ukiipa jina la kitambaa au la karoti, mahakama nyingi zitaitazama kwa jicho la dhamana. Sheria haidanganyiki kwa jina. Inaangalia mtu aliahidiwa nini, na nani atakayefanya kazi ili ahadi itimie."

Nikaruka kutoka ngazini. "Ndilo nililouliza! Nani anaishona!"

"Ndilo uliloliuliza."

"Na kwa nini dhamana zinasajiliwa? Si usumbufu tu?"

"Kwa sababu huwezi kwenda kukagua kazi usiyoifanya wewe. Fundi akishona vibaya, unaona mshono. Kampuni iliyoko mbali ikifuja fedha zako, utaona nini? Basi sheria inailazimisha ijitaje: wenyewe ni akina nani, fedha zinakwenda wapi, na hasara inaweza kutokea wapi."

"Ingia basi uwaambie!"

Akatikisa kichwa. "Hawajaniuliza, Chiriku. Wakili hajipeleki kwenye mali ya watu. Lakini joho hili litakuwa tayari Ijumaa mchana, na nitalifuata mwenyewe. Nikiulizwa nikiwa humo ndani, nitajibu."

Ijumaa ilifika. Nilitoka shule nikitembea haraka kuliko kengele. Nilipofika ngazini nilisikia sauti ya Mjomba ndani ikiwahimiza. Nikachungulia. Mafundi wote walikuwa wameizunguka meza, na mama alikuwa ameshika simu, kidole gumba kikiwa juu ya kioo.

Nimekatazwa kukanyaga karakana, nikajiambia. Haya, nitakanyaga, na adhabu nitaila yote. Nikavua viatu, nikaingia.

"Mwenyekiti!" nikasema kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Nani amepima mara ya pili?"

Watu wakageuka. "Kupima nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Chemchemi. Mjomba amepima, amesema inatosha. Nani mwingine amepima? Hapa hata leso haikatwi bila kipimo cha pili. Sasa mnakata akiba yote kwa kipimo cha mtu mmoja?"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Fundi Suti akanung'unika, akimtazama mama.

Mama uso ulimbadilika. "Wewe, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiingie, mama. Nimeingia. Utaniadhibu nyumbani, nami sitalia. Lakini kwanza mnijibu."

"Saa tisa na nusu hii!" Mjomba akasema. "Mnapoteza muda kwa maneno ya mtoto."

Mwenyekiti alikuwa ameshika ncha mbili za tepu yake na kuzivuta taratibu, kama afanyavyo anapowaza. "Maneno ni ya mtoto," akasema hatimaye, "lakini sheria ni yetu. Tuliiweka wenyewe, na mimi ndiye niliyeisababisha. Simu iwekwe mezani. Sasa, nani hapa anaweza kupima kitu hiki?"

Suruali mafundi wangeipima usingizini. Hii hapana. Yule Wakili wa ngazini, aliyekuwa amekuja kuchukua joho lake na sasa amesimama karibu na dirisha akilijaribu, akavua mkono mmoja na kusema, "Mkiniuliza, ninaweza kujaribu."

"Tunakuuliza," Mwenyekiti akasema.

Mjomba akanyoosha mgongo. "Apime tu. Sina la kuogopa."

Na kweli hakuwa anaogopa. Hilo ndilo lililoniuma baadaye: aliamini kila neno alilokuwa anasema.

Wakili hakutoa hotuba. Alimuuliza tu kwa upole, "Ndugu, hawa wakinunua leo, wanangoja nini?"

"Faida. Mara mbili, mwisho wa mwaka."

"Faida hiyo itatokana na kazi yao?"

"Aa, wao hawafanyi kitu. Itatokana na kazi ya kampuni."

"Na kampuni imesajiliwa kwenye mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji?"

"Haihitaji! Ni bidhaa tu, haina ahadi yoyote ya fai..." Mjomba akakatiza maneno yake mwenyewe.

Bi Vifungo ndiye aliyemalizia. "Ngoja kwanza, mdogo wangu. Kwetu ina faida maradufu, kwa serikali haina ahadi yoyote? Ni sarafu moja hii, au ziko mbili? Njia mbili zilimshinda fisi."

"Mimi si hakimu," Wakili akasema, "na siwezi kuzisemea sarafu zote duniani. Ila kwa jinsi hii ilivyouzwa ndani ya chumba hiki, kwa maneno haya, ina kila dalili ya dhamana. Na kuuza dhamana kwa watu bila kusajiliwa ni kuvunja sheria."

"Nitawapigia watu wa kampuni," Mjomba akasema. "Nitawapigia sasa hivi, mtawasikia wenyewe."

Akapiga, akaweka sauti ya wazi juu ya meza. Sauti tamu ya kijana ikapokea na kumsifu kwanza, jinsi alivyo wakala wao hodari wa mauzo. Mjomba akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake. "Niko na kikundi cha mafundi. Wanataka kuhakikishiwa ile faida ya maradufu."

"Samahani, sisi hatuahidi faida," sauti ikasema. "Tunauza bidhaa ya kidijitali tu."

"Lakini mlituahidi kwenye semina ya mawakala! Mlinifundisha niwaambie watu hivyo hivyo!"

"Semina ilikuwa ya kutia hamasa, ndugu. Ukisoma masharti uliyoyakubali, wakala anawajibika kwa maneno yake mwenyewe. Kama kuna mtu ameahidiwa faida, ameahidiwa na wewe."

"Na mimi? Nimeweka akiba yangu yote humo. Naweza kuitoa?"

Simu ikakatika. Alipiga tena, haikupokelewa. Alipiga mara nyingine, akaambiwa namba hiyo haipatikani.

Mjomba akakaa kwenye kigoda changu cha kukatia nyuzi, magoti yakamfika kifuani. Sikufurahi. Wengine watasema nilifurahi kushinda; si kweli. Mtu aliyenifundisha kusoma alikuwa amekaa pale ametazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi. "Wamenitanguliza mimi mbele," akasema kwa sauti ndogo. "Likiharibika, ni mimi. Ningekuja kuwaangalia vipi usoni?"

Bi Vifungo, mwenye ulimi mkali kuliko wote, ndiye aliyempelekea maji. "Kunywa," akamwambia. "Ungetuponza sote, lakini nawe umeponzwa."

Mama alichukua simu mezani, akaiingiza kwenye mfuko wa aproni yake na kuufunga kwa pini. Saa kumi ilipita na hakuna aliyeitazama saa.

Jumatatu iliyofuata Mjomba na Wakili walikwenda kwenye ofisi za mamlaka ile ya masoko ya mitaji. Mjomba hakungoja aitwe. Alieleza alichofundishwa, alichosema, na aliowauzia. Aliambiwa kampuni ile haikuwahi kusajiliwa wala kuomba, na uchunguzi ukaanza; baada ya muda tangazo likasomwa redioni kuwaonya watu. Fedha zake bado hajazipata. Wale majirani wachache aliokuwa ameshawauzia aliwafuata mmoja mmoja, akagonga milango, akawaambia ukweli na kuwaelekeza pa kupeleka malalamiko. Wengine walimtukana. Alivumilia, na alirudi jioni amechoka.

Mashine nayo ilipatikana, ila si kwa miujiza. Mwenyekiti alikwenda hospitali akawaambia wazi kwamba uwezo wao bado ni mdogo. Wakapewa sehemu ya sare kwanza, wakaishona vizuri, na malipo yake yakajazia akiba. Siku ile mashine ilipofungwa, Bi Vifungo alitoboa tundu la kwanza, akaliangalia, akasema, "Ebo! Na miaka yote hii vidole vyangu mlikuwa mnaviona hivi hivi!" Malkia naye alikuja kuiona. Mstari wa chaki alikuwa ameshaufuta kwa kiwiko, bila kusema neno, nami sikumdai neno.

Siku hiyo hiyo mama aliniita katikati ya karakana, cherehani zote zikiwa zimesimama, na Mjomba akiwa amekaa kwenye benchi la wateja.

"Nilikutaka uombe msamaha," mama akasema. "Leo ninauomba mimi kwako, na mbele ya watu wale wale. Nilidhani heshima ni kunyamaza mkubwa anapozungumza. Nimejifunza kwamba mkubwa anayekuheshimu hujibu swali lako. Mtu akikuuzia kitu kwa jina moja, na mbele ya sheria akakipa jina jingine, mwulize anaficha nini. Fedha za jasho lako zikienda kufanyiwa kazi na mikono usiyoiona, una haki ya kuijua mikono hiyo kabla hujazitoa, na hiyo ndiyo kazi ya sheria. Usiogope kuuliza kwa sababu wewe ni mdogo, wala kwa sababu muuzaji ni ndugu. Akikucheka, uliza tena."

"Hata akiwa ni wewe, mama?"

"Hata nikiwa ni mimi."

Mjomba akakohoa pale kwenye benchi. "Na mimi pia," akasema. "Ila mpwa wangu, nakuomba, siku nyingine uniulize nyumbani, tukiwa wawili."

Nilimpenda sana wakati ule, kuliko hata alipokuwa akinisomea maboksi ya nyuzi.

"Mjomba," nikamjibu, "ukisema mbele za watu, nitakuuliza mbele za watu."